Nati ya Kushoto

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, baada ya sala

Mwanangu Mbaraka,

Salamu tulishapeana asubuhi. Ulinipa shikamoo ya kununa nami nikakujibu marahaba ya kununa, kwa hiyo hapa sizirudii. Naandika nikiwa kwenye kibanda cha mashine, karatasi nimeiweka juu ya meza ya jiliwa, na ukiona alama za mafuta usishangae. Mama yako yuko ndani anakukunjia nguo. Mambo ya nguo, chakula na nani wa kumsalimia ukifika ni yake yeye, atakueleza mpaka masikio yakuume. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Umenikasirikia kwa sababu nimekukataza kwenda kwenye shamba lile la mkonge, njia ya Muheza. Kijana wa miaka kumi na tisa amepata kazi ya fundi msaidizi katika nyumba ya mashine, na baba yake, badala ya kufurahi, anamwambia nenda bandarini, nenda reli, nenda popote isipokuwa huko. Umemwambia mama yako kwamba nakuonea wivu. Nilisikia. Nyumba yetu ni ya udongo na wewe sauti yako si ndogo. Sikuja kukubishia kwa sababu wivu ni sababu nzuri kuliko ile niliyonayo, nikaona bora ubaki nayo hiyo.

Lakini Jumapili, mbele ya wageni, ulisema neno. Ulisema, "Baba, usiwe na wasiwasi. Mimi si Mjomba Hatibu. Nati zangu nitazikaza." Watu wote wakacheka. Na mimi nilicheka, uliniona. Mama yako aliinuka akaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa. 

Mzaha huo mmekua nao. Kiti kikilegea mguu, kimekazwa na Hatibu. Mlango ukigongagonga kwa upepo, aliupachika Hatibu. Shemeji kutaniana si kitu kigeni kwetu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniuliza ulianza wapi. Niliuanzisha mimi, hapa kibandani, siku ya tatu baada ya yeye kufukuzwa kazi. Mteja mmoja aliniuliza kisa chenyewe, nikaogopa asije akauliza sana, nikamchekesha. Mzaha ukashika, ukaingia ndani ya nyumba, ukakaa. Mama yako amevumilia miaka minne kumsikia kaka yake akichekwa na watoto aliowazaa mwenyewe.

Sasa nisikilize. Mjomba wako hakuwa na kosa. Kosa ni langu, na nusu ya kosa hilo bado imefungwa kwenye mashine utakayoisimamia Jumatatu.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikieleza kwa haraka nitajitetea.

Unakumbuka makopo yetu mawili. Kopo la Mjerumani na kopo la Mwingereza. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na mafundi walionitangulia, na kila fundi wa Tanga niliyemjua alikuwa na makopo mawili. Mashine za kale za mashambani zilikuja na Mjerumani, zinapimwa kwa milimita. Zilizokuja baadaye ni za Mwingereza, zinapimwa kwa inchi. Ukipata bolti usiyoijua, unaipima unene. Ikikaa kwenye inchi, kopo la Mwingereza. Isipokaa, kopo la Mjerumani. Basi, elimu yetu ilikuwa hiyo na ilitutosha miaka mingi, tukajiona mabingwa.

Baada ya vita yakaja magari ya jeshi, yale yaliyouzwa kama chuma chakavu, na ndani yake mkaja bolti na nati za Mmarekani. Nilinunua magunia mawili. Chuma kizuri, kinang'aa, hakina kutu. Nikapima unene: inchi. Robo, thumni tatu (yaani tatu ya nane), nusu, robo tatu, zote zinakaa sawasawa kwenye rula. Nikazimwaga zote kwenye kopo la Mwingereza. Kopo la tatu sikuwa nalo, wala akili ya kopo la tatu.

Na kilichoniponza ni kwamba zilikubali. Hebu chukua rula yangu ya chuma, uiweke kwenye bolti, uhesabu hesi, yale meno yanayoizunguka, ni mangapi ndani ya inchi moja. Bolti ya robo inchi, Mwingereza meno ishirini, Mmarekani ishirini. Ya thumni tatu, kumi na sita kwa kumi na sita. Ya robo tatu, kumi kwa kumi. Jino la Mwingereza limeviringwa nchani na pembe yake ni nyembamba kidogo, la Mmarekani limekatwa bapa, kwa hiyo hazilali pamoja barabara, lakini nati inaingia, inazunguka, inashika. Mwaka mzima nilichanganya hizo na hizo, hakuna aliyerudi kulalamika. Ukikosea mwaka mzima na hakuna kilichoharibika, utaapa kwamba hujakosea.

Nusu inchi peke yake ndiyo isiyokubali. Mwingereza kumi na mbili, Mmarekani kumi na tatu. Jino moja tu. Sikulijua jino hilo kwa sababu nilikuwa sihesabu. Nilikuwa napapasa. Unajua nilivyokuwa nikijigamba, naingiza ukucha kwenye hesi, nafumba macho, nasema hii ni ya fulani. Watu walikuwa wanakuja kunitazama. Nawe nilikufundisha hivyo hivyo, tena ukanirithi kipaji, na nikakusifu kwa majirani. Mbaraka, usipapase. Ukucha ni mwongo na una kiburi. Weka rula uhesabu, hata kama wenzako watakucheka kwamba mtoto wa fundi Athumani hajui bolti mpaka ahesabu kama mtoto wa chuoni.

Mjomba wako alikuwa mkuu wa mafundi katika nyumba ile ya mashine. Wewe ulikuwa bado shuleni. Alikuja siku moja amebeba bolti mbovu ya nusu inchi, ndefu, hesi zimeliwa. Mashine ya pili kutoka mlangoni, ile inayochambua majani ya mkonge, ina ngoma inayozunguka kwa kasi, na mhimili wa ngoma umekalia beringi, na juu ya beringi kuna kifuniko kinachoshikwa na bolti mbili, kulia na kushoto. Akataka bolti mbili mpya na nati zake. Akaniomba mimi kwa sababu nilikuwa shemeji yake na kwa sababu alikuwa ananiamini.

Bolti nilizikereza vizuri. Hilo nalisema bila haya, ungeziona ungezipenda. Nilifuata bolti yake ya mfano, meno kumi na mawili, mviringo nchani, kila kitu. Zilibaki nati. Tapu yangu ya nusu inchi ya kukatia hesi ndani ya nati ilikuwa imevunjika, na siku ile tulikuwa tunakwenda Pangani kumposea binamu yangu, kanzu yangu imeshapigwa pasi inaning'inia, watu wananiita. Nikatia mkono kwenye kopo la Mwingereza nikatoa nati mbili nzuri, zinang'aa.

Zikaingia mizunguko miwili zikakwama.

Ndipo hapo, mwanangu. Nati ilikuwa inaniambia. Chuma hakina njia nyingine ya kusema isipokuwa hiyo. Mimi nikaona inanikaidi. Nikabana bolti kwenye jiliwa, nikatia mafuta, nikachukua spana, nikaongezea bomba la futi tatu nyuma ya spana, nikalalia. Ikalia kidogo, ikaenda. Nikairudisha, nikaipeleka tena. Chini kukaanguka vipande vyembamba vya chuma, vinang'aa, nikavifagia kwa mguu. Vile ndivyo vilivyokuwa meno ya nati.

Hatibu alipokuja kuchukua akajaribu kwa mkono wake. Akasema, "Shemeji, mbona ngumu hivi?"

Nikamwambia, "Ngumu ndiyo kazi, yakhe. Nati laini hufunguka yenyewe."

Akacheka, akanishukuru, akazifunga kwenye kitambaa. Nikavaa kanzu yangu nikaenda Pangani, nikala pilau.

Sasa fahamu alivyofanya huko, maana humo ndimo ilimo heshima yake. Nati inayolingana na bolti huenda laini, laini, halafu inapofika kwenye kifuniko inagoma, na mkono wako unajua kwamba sasa imeshika. Nati yangu ilikuwa ngumu tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye aliizungusha kwa nguvu zake zote, akasikia ugumu, akazidi, akasikia ugumu zaidi. Fundi gani angesema hiyo haijakaza? Ugumu aliousikia ulikuwa wa meno yanayotafunana yenyewe kwa yenyewe. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na mabaki tu.

Wiki ya pili, nati ya kulia ikachomoka. Kifuniko kikainuka, mhimili ukaruka, ngoma ikaenda upande. Aliyekuwa analisha majani alikuwa kijana mmoja wa kutoka bara, Yohana. Mkono wake wa kulia ulikwenda na majani. Alikuwa na umri kama wako sasa, nilimwona amelala kwenye kitanda cha wagonjwa akiuliza nani atamwandikia mama yake, kwa sababu alikuwa akiandika mwenyewe. Baadaye alirudishwa kwao. Sijui kama yu hai. Sijawahi kuuliza, na kutouliza huko ni ubaya wangu mwingine.

Wakaniita. Msimamizi alitaka fundi wa nje aliyetengeneza bolti atazame. Akanipa nati ile mkononi, pale pale mbele ya mashine, damu imeshaoshwa, watu wamesimama duara. Hatibu amesimama karibu yangu. Niliitazama nati, na kwa mara ya kwanza nikachukua rula nikahesabu. Kumi na tatu. Nikahesabu bolti. Kumi na mbili. Ndani ya nati meno yote yamenyolewa, imebaki kama pete. Nilijua kila kitu kwa muda wa pumzi moja.

Msimamizi akauliza, "Fundi, nati hii ina nini?"

Hatibu akasema, "Sema, shemeji. Waambie nilikaza."

Alikuwa ananiomba. Hakuwa ananishitaki, Mbaraka, hakujua bado. Aliamini tu kwamba mimi ndiye mtu pale anayeweza kusoma chuma na kumsafisha.

Nikafikiria mashine yangu ya kukereza, ambayo nusu ya kazi zake zilitoka kwenye shamba lile. Nikafikiria wewe na ada ya shule. Nikamfikiria mama yako. Hizo zote nimejiambia mara nyingi, na ni kweli nilizifikiria, lakini cha kwanza kabisa kilichonijia ni kwamba watu wa Tanga watajua kwamba ukucha wa Athumani umekosea. Nikasema, "Haikukazwa vya kutosha. Ikilegea inatikisika, ikitikisika inanyoa meno."

Hatibu alinigeukia akanitazama. Msimamizi akamfukuza kazi siku hiyo hiyo, mbele ya watu aliowafundisha. Leo analima mihogo Tongoni, na hajashika spana tangu hapo. Kwetu haji ila kwenye misiba, na akija watoto wanamtania, naye anacheka. Mama yako anadhani kaka yake anamwonea aibu. Mimi nadhani alikwisha kujua. Nadhani alijua pale pale, nilipoweka rula mara mbili halafu nikasema uongo. Miaka minne amekuwa akicheka ili dada yake asikose mume wa kumheshimu.

Huo ni ubaya uliopita. Ninaokuandikia hasa ni huu uliobaki.

Nati zilikuwa mbili. Nilipoambiwa nitengeneze nyingine ya kulia nilitengeneza ya haki, kwa tapu mpya, meno kumi na mawili. Ile ya kushoto haikuwa imechomoka, na msimamizi akasema hiyo ni nzima, iacheni. Kuigusa ningepaswa kutoa sababu. Nikaiacha. Ipo mpaka leo. Kila mtu wa shamba lile akija hapa mimi namuuliza kwanza, "Huko mashineni hamjambo?" na mpaka ajibu mimi sipumui. Wanadhani nina adabu.

Mara tatu nimekwenda kuitoa. Mara ya kwanza nilifika njia panda Muheza, nikanunua machungwa, nikarudi. Mara ya pili nilifika langoni, spana imo kikapuni, mlinzi akaniuliza shida yangu, nikasema nimekuja kuuliza kama wana chuma chakavu cha kuuza. Mara ya tatu nilimwona mashineni kijana analisha majani, anaimba, nikageuka kabla sijafika. Mtu aliyemwona mwenzake analisha mashine ile na akageuka, huyo ndiye baba yako. Sijui nikwambie vipi ili unielewe, wala sidhani nataka unielewe.

Halafu wewe ukaja na habari zako, unang'aa uso, umepata kazi. Nikakuuliza nyumba gani ya mashine, ukanitajia. Mkono wako, Mbaraka. Nimeutazama wiki nzima mezani unapokula. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Na hata sasa nilikuwa tayari kukuzuia wewe tu. Ungekubali kwenda bandarini, ningefurahi, ningechinja kuku, na nati ingebaki pale ikimngoja mtoto wa mtu mwingine. Ulipokataa ndipo nikaona jinsi nilivyo.

Basi nenda. Sikukatazi tena. Ila sikiliza utakachofanya, kwa sababu hili si la kubahatisha. Ukifika usiende kulala, nenda kwa msimamizi kabla mtu yeyote hajawasha mashine Jumatatu. Mpe barua hii. Ikiwa hasomi Kiswahili vizuri, mtafutie karani amsomee yote, na sehemu ya aibu yangu asiiruke. Mwambie mashine ya pili kutoka mlangoni isimame, kifuniko cha beringi ya mhimili, nati ya kushoto. Usiifungue peke yako ukiwa umejificha ili kunisitiri. Najua utataka. Ukiibadilisha kimya kimya utaokoa mikono ya watu, lakini mjomba wako atabaki vile vile. Ifungue mbele yao. Weka rula, wahesabu wenyewe. Itakuwa kumi na tatu, na bolti kumi na mbili.

Inawezekana watakufukuza kwa ajili yangu kabla hujaanza. Nimelifikiria hilo usiku na mchana na sina dawa yake. Inawezekana watakuja kunichukua mimi, nami nitakuwepo. Nimeshafunika mashine na turubai, na wateja wawili nimewarudishia chuma chao. Mimi kesho sitakusindikiza kituoni, na usidhani ni hasira. Gari lako linakwenda upande wa Muheza, mimi nakwenda Tongoni. Sijui nitasema nini nikifika. Huenda hatanifungulia mlango, na akinifungulia nitaona vibaya zaidi.

Nasikia mama yako anaita, chakula tayari. Nikiweka kalamu hii naingia ndani kumwambia habari za kaka yake, kabla hujala, kabla ya lolote. Ukisikia kimya usiingie. Ukisikia analia, ingia ukae naye, mimi nitatoka nje.

Sikuombi msamaha kwa barua, maana barua hii si yako peke yako. Nakupa nikiwa naingia kwa mama yako; isome papo hapo nje, halafu uirudie ukiwa garini. Na pale chini nimeandika kwa maneno ya kuonyeshwa mtu yeyote, shambani, bomani, msikitini, kokote mtakapoulizwa.

Baba yako.

Mimi Athumani bin Sefu, fundi mkerezaji wa Ngamiani, Tanga, nasema kwa hiari yangu na akili yangu timamu: nati zote mbili nilizitoa mimi, nilizilazimisha mimi, na nilipoulizwa nilisema uongo nikijua. Hatibu bin Rashidi alikaza.